MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: Likizo ya Pwani na Dhamiri ya Mkristo



Mwaka unapokaribia kwisha, tangazo la namna moja husikika katika parokia nyingi za bara, mara baada ya komunyo na kabla ya baraka ya mwisho. Katibu husimama na kusema kwamba kutakuwa na safari ya pwani: siku tano Diani, bei moja tu, na ndani ya bei hiyo mna kila kitu, yaani chumba, chakula mara tatu, vinywaji bila kikomo, na siku nzima ya kwenda Kisite kwa mashua ili kuogelea kwa miwani ya maji na kutazama samaki. Waamini hupiga makofi. Kisha huulizwa maswali mawili. La kwanza: ni pesa ngapi? La pili: je, mtu anaweza kulipa kidogo kidogo?

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tunaomba ruhusa ya kuongeza swali la tatu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi, tukienda sisi, je, mwenyeji atapona? Au tutarudi tumepona peke yetu, na yeye tumemwacha mgonjwa kuliko tulivyomkuta?

Tunajua jibu tutakalopewa na baadhi ya wenzetu, kwa maana tumekwisha kulisikia. Husema: "Tume hii imeingilia uchaguzi, imeingilia mashamba, imeingilia mishahara, sasa hata likizo yetu mnataka kuitia siasa?" Ndugu zangu, likizo ina mashamba ndani yake. Ina mishahara ndani yake. Ina watoto ndani yake, na bahari aliyoiumba Mungu. Anayedhani kwamba haki humngojea mlangoni mwa hoteli kama mwavuli, aiache akiingia na kuichukua tena akitoka, amekosa kuielewa Injili.

KUPUMZIKA NI HAKI, NA SI HAKI YA MMOJA

Tuanze na lililo wazi, asije mtu akadhani kwamba tunapiga marufuku furaha. Bwana wetu mwenyewe aliwaona mitume wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, akawaita kando wapumzike kidogo (Marko 6:31). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba mfanyakazi anastahili pumziko la kutosha ili aishi maisha ya familia, ya utamaduni na ya dini. Mwalimu aliyekaa mbele ya darasa la watoto themanini mwaka mzima, muuguzi wa zamu za usiku, mama aliyeuza sokoni tangu Januari: hao wote wana haki ya kuketi mchangani na kutazama mawimbi. Zamani ilidhaniwa kwamba pwani ni ya wageni kutoka Ulaya. Ni jambo jema kwamba leo Mkenya wa kawaida anaweza kupanda treni, akavuka kivuko cha Likoni, akayaona maji hayo kama mwana wa nchi.

Lakini soma amri ya Sabato jinsi ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Haikomi kwa baba na mama wa nyumba. Inamtaja mtumwa na mjakazi, inamtaja mgeni aliye malangoni, inamtaja hata ng'ombe na punda. Sababu yake imetolewa waziwazi: Waisraeli nao walikuwa watumwa Misri. Maana yake ni kwamba pumziko linalopatikana kwa kumnyima mwingine pumziko lake, mbele ya Mungu halihesabiwi kuwa pumziko.

Basi na tujiulize hapa hapa nyumbani, kabla hatujafika baharini. Tunapofunga safari, yaya tunayemchukua ili awashike watoto sisi tukiogelea, yeye likizo yake ni lini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamwamuru mwajiri kumpa mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ni wangapi kati yetu, sisi wasomaji wa masomo ya Misa na viongozi wa jumuiya, tunaitimiza? Na huko hotelini, yule kijana anayetuletea maji ya matunda kandokando ya bwawa, je, ameajiriwa, au ni kibarua wa miaka sita anayefukuzwa kila mvua za masika zinapoanza na kuitwa tena Julai, ili asije akatimiza muda wa kuwa mwajiriwa? Mtakatifu Yakobo ameandika kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Ole wetu ikiwa muziki wa hoteli umetuzuia sisi kuzisikia.

BANGILI YA PLASTIKI

Sasa tuitazame ile bei moja yenye kila kitu ndani yake, maana hapo ndipo penye kiini cha shauri letu.

Mgeni akifika hutiwa mkononi bangili ya plastiki. Bangili hiyo ni ruhusa ya kula na kunywa bila kulipa tena. Twaiona kuwa neema. Lakini itazame kwa jicho la mwenyeji. Fedha zetu zimekwisha kulipwa Nairobi, na fedha za mgeni wa Ulaya zimekwisha kulipwa Ulaya, kabla mguu haujakanyaga mchanga. Wakala ametoa fungu lake, kampuni imetoa fungu lake, mwenye hoteli ambaye pengine haishi nchini ametoa lake. Kinachovuka lango la hoteli kwenda kijijini ni mishahara, nayo tumekwisha kuisema, pamoja na samaki na mboga ikiwa mpishi ananunua hapo.

Tena bangili hiyo inatufunga sisi. Mtu aliyekwisha kulipia chakula cha mchana hawezi kutoka nje akanunua wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mama wa Ukunda, kwa kuwa ataona analipa mara mbili. Hataonja mahamri na mbaazi asubuhi. Hatakata dafu kwa yule mzee mwenye baiskeli. Hatapanda tuk-tuk. Siku tano zitapita, naye atarudi bara akisema, "Nimeijua pwani," hali alichokijua ni ukuta, bwawa la kuogelea, na meza ndefu ya vyakula ambavyo nusu yake vilimwagwa jioni. Mwenyeji amemwona mgeni kama mtu anavyoona mkate nyuma ya kioo cha duka.

Na lipo jambo la aibu zaidi. Mkristo huyo huyo ambaye hakuthubutu kuomba apunguziwe hata shilingi moja katika bei ya hoteli, akifika ufukweni hugeuka bingwa wa kupatana bei. Humkalia nahodha wa mashua saa nzima. Humwambia kwamba mwenzake amekubali nusu. Akifaulu hujisifu mezani. Amefaulu nini? Nahodha aliyebanwa hapunguzi bei ya mafuta, kwa sababu mafuta hayauzwi na yeye. Atapunguza msaidizi mmoja. Ataacha kununua jaketi mpya za kuokolea. Atapakia watu sita zaidi. Atajaribu kukwepa ada ya hifadhi. Rahisi huvunja upishi, wasema waswahili. Baharini rahisi huvunja zaidi ya upishi.

UKUTA NA UFUKWE

Ahabu alikuwa mfalme, alikuwa na jumba na mashamba, lakini hakupata usingizi mpaka alipolipata shamba la mizabibu la Nabothi lililopakana na jumba lake (1 Wafalme 21). Nabii Isaya naye aliwalaani wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, hata pasiwe na mahali pa mtu mwingine (Isaya 5:8). Maneno hayo yalisemwa juu ya Yezreeli na Yerusalemu, lakini mtu wa Kwale au Kilifi akiyasikia hahitaji katekista wa kumfafanulia.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyowataka watu wa ukanda wa pwani waandikishe madai yao ya ardhi. Wengi hawakuandikisha: wengine hawakujua, wengine ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala haikuwa na karatasi. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Baada ya uhuru, Serikali ikawa na ardhi ya kugawa, na viwanja vya ufukweni vikawa zawadi nono. Hivyo kaburi la babu likajikuta ndani ya ua wa mtu mwingine, na wajukuu wakaitwa maskwota katika nchi ya babu zao.

Mwezi Agosti 1997 moto uliwaka Likoni. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu ya wakimbizi, wengi wao watu wa bara, wakajaa katika uwanja wa kanisa letu Katoliki la Likoni. Hoteli zikabaki tupu, na wafanyakazi kwa maelfu wakapoteza kazi. Wanasiasa ndio waliowasha kiberiti, na hatutawaondolea dhambi hiyo. Lakini kuni zilikuwa zimekauka muda mrefu: vijana wasio na ardhi wala kazi, waliokua wakiutazama utajiri kupitia matundu ya uzio. Anayependa amani na asitake kuzitazama kuni hizo, anapenda usingizi tu.

Mwaka 2010 taifa lilijipatia Katiba mpya. Ibara ya 62 inasema wazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ufukwe unaolowa kwa maji si wa hoteli yoyote, hata iwe na nyota ngapi. Ni wako, ni wangu, ni wa mvuvi anayetaka kupitisha dau lake. Lakini haki isiyo na njia ni picha ya haki. Vichochoro vya umma vya kushukia baharini vimezibwa mahali pengi kwa kuta na mageti, na mtoto wa kijiji hulazimika kuzunguka mbali ili afike kwenye maji ambayo anasikia mvumo wake akiwa kitandani. Sisi tukiwa wageni tunaopita getini kwa bangili, tumewahi kuuliza: "Je, njia ya wanakijiji iko wapi?" Kiongozi mlei mmoja akiuliza, askari atacheka. Wageni arobaini wakiuliza kabla ya kulipa, meneja atatafuta jibu.

MWAMBA HAUNA MDOMO

Tufike sasa baharini kwenyewe, kwenye ile siku inayongojewa kuliko zote.

Kusini mwa Diani, kupita Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania, iko Hifadhi ya Bahari ya Kisite pamoja na Mpunguti, iliyotangazwa katika miaka ya 1970. Katika Kisite uvuvi wote umekatazwa. Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. Tukumbuke maana yake. Mzee wa Wasini au Shimoni aliambiwa asivue tena pale baba yake alipovua, ili samaki wazaliane na mwamba upone. Alilipa gharama hiyo kutoka katika sufuria yake. Sisi tunapotia miwani ya maji na kuinamisha uso, na ghafla tukaona dunia ya rangi ambayo hatukujua kwamba ipo, tunakula matunda ya mfungo wa mtu mwingine. Je, si haki basi kwamba mashua tunayopanda iwe ya mtu wa hapo, na chakula cha mchana tukile kwake?

Matumbawe yale si mawe. Ni viumbe hai, wadogo sana, wanaojijengea nyumba ya chokaa kizazi juu ya kizazi. Yale mazito ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu kwa mwaka. Hivyo pande lililo kubwa kama pipa limeanza kukua kabla babu zetu hawajabatizwa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu ikafa na kubaki nyeupe kama mifupa. Mwaka 2016 joto likarudi. Mwamba uliobaki ni mgonjwa anayejikokota kupona. Na mgonjwa huyo ndiye tunayemsimamia kwa miguu.

Tuseme kweli: wengi wetu wa bara hatujui kuogelea. Tukiingia majini na maji kutuingia puani, tunatafuta mahali pa kusimama, na mahali hapo huwa ni tumbawe. Teke moja huvunja kazi ya miaka ishirini. Wengine, maji yakipwa, huongozwa kutembea juu ya mwamba, wakamwinua kiti cha pweza ili wapigwe picha naye, akafia mikononi. Wengine hutupa mkate ili samaki waje, kana kwamba Mungu aliwaacha samaki na njaa tangu uumbaji. Wengine huwashurutisha manahodha wawafukuze pomboo ili watoto waone. Kisha jioni tunanunua kombe kubwa na kipande cha tumbawe cha kuweka juu ya kabati sebuleni, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

Papa Fransisko alituandikia mwaka 2015, katika waraka wake Laudato si', kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Katika pwani yetu fundisho hilo halihitaji falsafa. Mwamba ukifa, samaki huondoka. Samaki wakiondoka, mvuvi mwenye ngalawa, asiye na mashine ya kumfikisha kwenye kina kirefu, ndiye wa kwanza kulala njaa.

WATOTO, NA KIOO CHA KUJITAZAMA

Lipo jambo ambalo tungependa kulinyamazia, kwa kuwa linasomwa mbele ya watoto. Lakini kunyamaza ndiko kulikowaharibu.

Mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, pamoja na Serikali ya Kenya, walitoa utafiti juu ya unyonyaji wa watoto kwa zinaa katika pwani yetu. Walikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wameingizwa katika biashara hiyo kwa nyakati mbalimbali. Tuliposikia habari hizo, tuliwanyoshea kidole wazungu. Walistahili, maana wengi walikuwemo. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba taifa lililotoa wateja wengi kuliko taifa lingine lolote lilikuwa Kenya. Ni sisi. Ni wanaume wa bara waliokuja semina, waliokuja mikutano, waliokuja likizo, na pengine walioimba kwaya Jumapili iliyofuata.

Ndugu wanaume, kwa neno hili tunasema nanyi hasa. Anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, Bwana alisema ingemfaa zaidi jiwe la kusagia shingoni mwake (Mathayo 18:6). Na hata asiyeogopa jiwe hilo aogope sheria: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inamwadhibu anayepanga au kuwezesha safari za namna hiyo kwa kifungo kisichopungua miaka 10. Mwenye hoteli anayefumba macho, dereva anayeleta, na mwenzako wa chumba anayenyamaza, wote wamo. Ukiona, piga simu nambari 116, ni bure, mchana na usiku.

Tena tuwe waangalifu hata katika ukarimu wetu. Mtoto anayepewa sarafu na peremende ufukweni saa nne asubuhi amefundishwa kwamba shule hailipi. Ukitaka kumsaidia mtoto wa Diani, nenda kwa mwalimu mkuu wake, au kwa paroko wa hapo, ukaulize kinachohitajika.

"LAKINI HOTELI ZINALETA KAZI"

Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Ni kweli kwamba maelfu ya familia za pwani, na za bara pia, hula kwa sababu ya hoteli. Zipo hoteli zenye mikataba ya haki, zinazokiheshimu chama cha wafanyakazi, zinazonunua samaki kwa mvuvi jirani na kuacha njia wazi. Hizo tuzipende na kuzitangaza. Kwa sababu hiyo hatusemi: msiende. Mtu asiyekwenda hamponyi mwenyeji. Alijionea kila mfanyakazi wa pwani mwaka 2020, wageni walipokatika kwa ugonjwa wa korona.

Ila neno "kazi" lisitumiwe kama kitambaa cha kuziba midomo. Papa Leo XIII alikwisha kutufundisha mwaka 1891, katika Rerum Novarum, kwamba mapatano ya ujira hayatoshi kwa kuwa tu pande zote zimekubali. Mtu mwenye njaa hukubali lolote, na haki inadai ujira unaomwezesha kuishi. Katiba yetu, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa haki kazini, kupata ujira wa haki na kujiunga na chama. Anayesema "kazi ni kazi" angalisema vivyo hivyo juu ya kazi ya matofali kule Misri.

Wengine husema: "Mimi ni mtu mmoja, nitabadilisha nini?" Lakini parokia haisafiri mtu mmoja. Inasafiri basi zima, mabasi mawili, kila mwaka. Kikundi cha watu arobaini wenye fedha mkononi, ambao bado hawajalipa, kina nguvu kuliko waraka huu. Kikishalipa, nguvu hiyo imekwisha.

JINSI YA KUIPANGA SAFARI

Tumelaumu vya kutosha, sasa tushauri. Kamati ya safari na ifanye haya.

Kwanza, ichague wakati kwa busara. Bahari huwa safi na tulivu majira ya kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi ikivuma, maji huchafuka na mashua huyumba. Muulizeni mwenyeji kalenda ya maji, kwa sababu bamvua na maji mafu ni vitu viwili tofauti, na saa ya kuondoka Shimoni hupangwa na bahari, haipangwi na saa ya mkononi.

Pili, ilinganishe hoteli kwa maswali, isilinganishe kwa bei peke yake. Wafanyakazi wangapi wana mikataba ya kudumu? Je, wana chama? Wanapumzika siku gani? Samaki na mboga hununuliwa wapi? Njia ya wanakijiji ya kushuka ufukweni iko wapi? Maswali hayo yaandikwe kwa barua yenye muhuri wa parokia. Asiyejibu, naye amejibu.

Tatu, ichukue chumba na kifungua kinywa tu. Fedha za milo mingine zigawanywe kwa wasafiri wenyewe, wakale kwa wenyeji. Mtaona jinsi mazungumzo yanavyoanza mtu anapokula kwa mwenzake.

Nne, siku ya bahari ipangwe na chama cha wenye mashua wa Shimoni au Wasini, kwa bei iliyo halali, risiti za hifadhi mkononi, na jaketi ya kuokolea kwa kila mtu, mtoto na mtu mzima. Wasiojua kuogelea wafundishwe kwanza kutumia miwani na mrija wa kupumulia kwenye maji mafupi ya mchangani, wakiwa wamevaa jaketi, ili wasije wakasimama juu ya tumbawe kwa hofu. Vaa fulana badala ya kujipaka mafuta mengi ya kuzuia jua, ambayo baadhi yake hudhuru matumbawe. Usiguse, usichukue, usilishe. Chupa na vikombe vya plastiki vya kutumia mara moja viacheni nyumbani. Tangu Juni 2020 vimekatazwa katika hifadhi zote za taifa.

Tano, siku nyingine ziende mahali ambapo mwenyeji mwenyewe ndiye mwenye mali. Kisiwani Wasini akina mama wanatunza njia ya mbao ipitayo juu ya mikoko, na kiingilio ni chao. Shimoni wanakijiji wanaongoza wageni katika mapango yanayokumbukwa kwa biashara ya watumwa. Mkristo akisimama mle asali, na kujiuliza ni minyororo gani ya leo asiyoiona. Kule Gazi wanakijiji wanalinda mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa safi ya mikoko hiyo mwaka 2013, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ni moja ya makaya yaliyoingizwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Mgeni hufungwa kaniki, huongozwa na mwenyeji, na hutembea kwa adabu. Tusiende kule kudharau. Tukitaka wengine wanyamaze kanisani mwetu, nasi tunyamaze msituni mwao. Milimani, karibu na Shimba, wakulima wa Mwaluganje waliunganisha mashamba yao katika miaka ya 1990 kuwa hifadhi ya ndovu, ili wagawane mapato ya wageni. Na wanaokwenda pwani ya kaskazini wasisahau Kuruwitu, ambako wavuvi wenyewe, bila kushurutishwa, waliitenga sehemu ya bahari yao ipone, nayo ikapona.

Sita, Jumapili msali na parokia ya hapo, mkajulishane. Mwenyeji wako wa kwanza pwani ni Mkristo mwenzako, anayepokea Mwili ule ule. Yeye atakuambia yasiyoandikwa katika kijitabu cha hoteli.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika safari ya mwisho ya parokia yetu, fedha tulizolipa zilimfikia nani? Tutajuaje?

2. Wafanyakazi wetu wa nyumbani hupumzika siku gani? Kila familia ijibu yenyewe, kwa ukweli.

3. Je, ziko njia, visima au viwanja vya umma katika mtaa wetu vilivyozibwa, nasi tukanyamaza kwa kuwa havituhusu?

4. Tumewahi kumjua mtu aliyemnunua mtoto, tukamficha kwa sababu ni ndugu, ni rafiki au ni mfadhili wa kanisa?

5. Jumuiya yetu itatuma maswali gani kwa kamati ya safari kabla haijalipa amana?

Ndugu wapendwa, Ibrahimu aliketi mlangoni pa hema yake mchana wa jua kali, akawakimbilia wageni watatu wasiojulikana. Akawapa maji ya kunawa miguu, kivuli, mkate na ndama. Wageni wale hawakuondoka kabla ya kumwachia mwenyeji wao ahadi ya mwana. Hivyo ndivyo mgeni anavyokuja na mwenyeji anavyopona. Watu wa pwani wamekuwa wakitoa maji na kivuli muda mrefu sana. Desemba hii, kabla katibu hajasoma tangazo lake, na awe tayari kutuambia tutawaachia nini.

Amani ya Kristo iwe nanyi.

Tume ya Haki na Amani